Pete za Shaba za Mwalimu wa Bendi

Mwalimu wa bendi alikuwa hakutazami usoni. Alikutazama kooni, kama mchinjaji anavyomtazama kondoo, halafu anakwambia, "Imba." Ukiimba anafumba macho. Akifumbua ameshajua kama wewe ni wa sauti ya kwanza, ya pili, au ni wa kukaa kimya usikilize wenzako. Mimi aliniweka sauti ya pili, na siku ile ile nikaanza kumshuku. Mtu anayekujua kwa kukusikia mara moja, amekujulia wapi?

Mimi jina la mtu halinipotei. Shule nilisoma darasa la pili, na kusoma vizuri nilimalizia ngumbaru, ukubwani, lakini majina ninayo yote. Niulize nani alisimama wapi kwenye kwaya yetu ya Mbulumbulu, nitakupangia mstari mzima: Martha pembeni, Elizabeti mke wa Qamara, Veronika mwenye mwanya, mimi, halafu Rebeka aliyekuwa akiimba huku anakanyaga miguu ya watu. Na la huyo mwalimu wa bendi pia ninalo. Sitaliandika. Watoto wake wako hai, na nililolifanyia jina lile linatosha. Nitamwita tulivyomwita, Mwalimu. Alikotoka sikuhakiki. Wengine walisema huku, wengine kule, na yeye akiulizwa alisema tu, "Nimekuja kwa miguu." Mbulumbulu nani hakuja kwa miguu?

Mfukoni mwa koti alikuwa na uma. Si uma wa kulia. Ni chuma chenye mikono miwili na mguu mmoja, alichokuwa anakigonga gotini, kinalia kwa sauti nyembamba kama mbu aliyefunzwa adabu. Hiyo, alisema, ndiyo *la*, ile ya do-re-mi. Siyo *la* yako wala yangu, ni *la* ya watu wote. Alituambia wakubwa wa muziki huko Ulaya walikaa kikao wakakubaliana kwamba *la* itetemeke mara mia nne na arobaini kwa sekunde moja, isizidi, isipungue. Mume wangu, Baba Safari, alicheka sana jioni ile. Alisema watu waliokaa kikao kuhesabu kutetemeka kwa sauti hawana mashamba.

Mwalimu hakumpa mtu uma ule aushike. Mama mkwe wangu tu, Bibi Naomi, ambaye masikio yalikuwa yamemfunga kabisa. Jumapili moja baada ya ibada Mwalimu aliugonga, akamwekea mguu wa uma kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Bibi Naomi akakaza macho. Akasema kwa Kiiraqw kwamba kuna nyuki ameingia. Halafu akacheka mpaka akashika ubavu, maana alikuwa hajasikia kitu chochote muda mrefu. Tangu hapo kila Jumapili alikuwa anamngoja mlangoni na kichwa amekiinamisha, kama mtoto anayengoja kubatizwa. Watu walisema ni vizuri. Watu hao hao walisema ni mambo ya giza. Mimi nilikuwa upande wa pili, ingawa niliyefaidika ni mimi, kwa kuwa Bibi Naomi akirudi na nyuki wake siku nzima nyumbani kulikuwa na amani.

Sasa nieleze shida ya bendi, maana bila hiyo mtu huyu haeleweki.

Kanisa letu lilikuwa na matarumbeta ya aina mbili. Kulikuwa na sita ya zamani, yaliyoletwa na wamisionari kabla hata mimi sijaolewa, meusi kwa uzee. Na kulikuwa na matano mapya, yaliyokuja ndani ya kasha kutoka kwa wafadhili, yanang'aa unajiona uso. Siku ya kwanza yalipopigwa pamoja mbwa wote wa kijiji walilia. Tulidhani vijana hawajazoea. Mwalimu alisema hapana. Yale ya zamani yalitengenezwa wakati ambapo bendi za Ulaya zilipenda sauti ya juu, kila nchi na *la* yake, na mapya yametengenezwa baada ya kile kikao. Tarumbeta la zamani likipiga *la*, kwa jipya siyo *la*, ni kitu kilichopo kati ya *la* na jirani yake. "Haya ni makabila mawili," alisema. "Hayajasalimiana."

Alichukua chaki akaandika kwenye makasha, ya zamani JUU, mapya CHINI. Kosa hilo lilimgharimu. Hakuna kijana aliyekubali kuwa wa chini. Petro, ambaye alikuwa mpigaji wetu wa kwanza na alijijua, alipewa jipya, linalong'aa, na alikataa kulishika mpaka maandishi yafutwe. Alisema, "Mwalimu, mimi baba yangu ana ng'ombe kumi na nane. Chini kwa nani?" Mwalimu akamwambia ni sauti ndiyo iko chini, siyo yeye. Petro akajibu kwamba sauti ni yake.

Dawa, alisema Mwalimu, ni kuyarefusha ya zamani. Bomba likiwa refu sauti inashuka, likiwa fupi inapanda, hata kwa filimbi ya mwanzi mchungaji anajua. Kila tarumbeta lina kipande cha bomba kilichopinda ambacho kinaingia na kutoka. Vijana walikiita ulimi. Mwalimu aliwaagiza wa zamani wavute ulimi nje mpaka anaposema basi. Wakavuta. Ikapatana. Kwa wimbo mmoja. Kwenye wimbo wa pili kila mtu alikuwa amesukuma ulimi wake ndani kidogo, kwa siri, na unajua kwa nini? Tarumbeta lililo juu kidogo ya wenzake ndilo linalosikika. Mama zao walikuwa wamekaa pale mbele, na kila mmoja alitaka mama yake amsikie. Mwalimu alijua. Alisimama mbele ya bendi akawaambia, "Mnaibiana sikio." Hilo neno nilikaa nalo. Nilijiuliza, mtu anayeuona wizi mpaka kwenye pumzi za watu, amejifunza wapi wizi?

Baridi nayo ilikuwa adui yake. Asubuhi za huku juu, ukungu wa msitu wa Ngorongoro ukishuka, shaba inapoa na sauti inashuka yenyewe, halafu vijana wakipuliza inapata joto inapanda tena, wakati kinanda cha kanisa kimekaa pale pale hakijui baridi wala jua. Kwa hiyo aliwaamuru vijana waje wameyakumbatia matarumbeta chini ya blanketi, wayapumulie bila kuyaliza. Ukipita nje ya kanisa ungeona vijana kumi na mmoja kwenye mstari, wamevimba kama wamebeba watoto kifuani badala ya mgongoni, wanapumulia mashimo kimya kimya. Mzee Tluway, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, aliuliza mara mbili kama hiyo ni sala ya dhehebu gani.

Hakuna sauti aliyoiamini. Kengele ya kanisa alisema ina uongo kidogo, kwa sababu ina ufa. Veronika alipoleta kaseti ya kwaya ya mjini ili tujifunze wimbo, Mwalimu alisikiliza mpaka katikati akatoa betri, akazilamba, akasema, "Shahidi huyu ana njaa." Betri zilikuwa zimeisha na kaseti ilikuwa inakwenda polepole, ikashusha kila kitu. Alituimbisha upya bila kaseti. Veronika hakumsamehe, kwa sababu betri zilikuwa adimu na yeye alikuwa amezipangia foleni. Mwalimu alikuwa na msemo kwamba sauti ni kama ng'ombe wa kutunziwa: usimkamue kabla hujajua ni wa nani. Na mwingine, kwamba sikio ni mtu mvivu, likikaa na uongo siku tatu linauita nyumba.

Lakini yeye mwenyewe, mkimsikia akiimba, mngekimbia. Alikuwa na sauti kama mlango wa zizi. Martha alimwambia usoni, maana Martha alikuwa hivyo. Mwalimu hakukasirika, alisema mizani haihitaji kuwa nzito. Na huyo aliyetaka *la* isizidi wala isipungue, hakuwahi kufika ibadani kwa wakati hata mara moja. Alikuja baada ya somo la kwanza, shati limetoka, anapita katikati ya watu akisalimia kwa kichwa. Chai yake aliweka chumvi. Mtu wa mashaka namna ile, mlango wa nyumba yake haukuwa na komeo. Alisema kilichomo hakuna anayeweza kukiuza. Hayo yote niliyaweka moyoni kama mtu anavyoweka kuni. Sikujua nitawasha lini.

Mimi nilikuwa na ufunguo wa stoo. Nataka mwelewe ufunguo ule. Stoo ilikuwa nyuma ya kanisa, chumba kimoja, mlango mmoja, bila dirisha, na kufuli kubwa la chuma. Ndani kulikuwa na matarumbeta, viti vya harusi, mafuta ya taa, na vitabu vya nyimbo. Kwa kuwa nilikuwa nafagia kanisa, Mzee Tluway aliwaambia wazee wenzake kwamba ufunguo akae nao Mama Safari. Mmoja wao alisema tangu lini ufunguo wa kanisa ukafungwa kwenye kanga. Mzee Tluway akasema tangu leo. Nikaufunga kwenye ncha ya kanga, na nilikuwa nauhisi kiunoni nikipalilia, nikichota maji, nikilala. Wanawake wenye vyeti walikuwa na vyeti. Mimi nilikuwa na huo.

Kati ya matarumbeta sita ya zamani, moja lilikufa. Lilidondoshwa kwenye maandamano ya Krismasi na trekta la shamba la ngano likalikanyaga. Lilikaa stoo kwenye kona, bapa kama chapati. Siku moja, jua liko juu, mimi nafagia, Mwalimu akaja akaniambia, "Mama Safari, yule marehemu wa kona naweza kumchukua?"

Nikamuuliza ampeleke wapi.

"Akafanye kazi."

Nilifikiri anampeleka kwa fundi akanyooshwe. Nikafungua stoo. Nikamwambia achukue, ila arudi. Akasema, "Atarudi." Akalitia kwenye gunia akaondoka nalo. Mimi nikafunga kufuli, na kwa mtu sikusema, kwa sababu sikuona cha kusema. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilikuwa dogo.

Baada ya hapo akawa anatelemka Mang'ola. Anapanda lori la vitunguu, anakaa siku mbili, anarudi na vumbi jeupe la ziwani mpaka kwenye nyusi. Akiulizwa anasema kuna joto, mifupa yake inapenda joto. Mke wake, Mama Elibariki, hakuwa mtu wa kusema ovyo. Lakini siku moja alikuja kwangu na kitu amekifunga kwenye leso. Alikuwa amefua koti la mumewe. Akafungua leso juu ya meza yangu: pete kumi za shaba, mpya, nene, zinang'aa, hakuna hata moja yenye urembo.

Akaniuliza, "Mama Safari, mwanaume anayebeba pete kumi, ana wanawake wangapi?"

Nilizijaribu. Kwa kidole cha mtoto ni kubwa, kwa cha mtu mzima zinapita mpaka kiganjani. Nikamwambia hizi si za vidole. Akalia kwa furaha kidogo, halafu akalia vizuri, kwa sababu kama si za mwanamke ni za nini? Mimi moyoni nilikuwa nimeshapata jibu, nikapata baridi mgongoni. Huko Mang'ola kuna Wadatoga wahunzi, wanaoyeyusha kufuli mbovu na mabomba ya zamani wakatengeneza bangili za shaba, hizo mnazoziona mikononi mwa wanawake wao zimepanda mpaka kwenye kiwiko. Nikajua marehemu wa kona ameyeyushwa. Nikajua mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Na ulikuwa mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, walioficha bidhaa. Aliyekuwepo anajua. Mtu akiwa na katoni mbili za sabuni chini ya kitanda alikuwa hapati usingizi. Watu walimwaga sukari korongoni, sukari waliyoitafuta mwaka mzima. Jirani alimtazama jirani mkononi kabla ya usoni. Mzee Tluway akaambiwa aorodheshe mali yote ya kanisa, na alipoingia stoo kitu cha kwanza alichokiona nyuma ya mlango ni namba kubwa ya chaki: 440.

Akaniita. Akaniuliza kwa sauti ndogo ni mifuko au ni vipande, na viko wapi. Nikamwambia sijui, sikuandika mimi. Akasema, "Mama Safari, namba haijiandiki." Nililowesha kitambaa nikafuta. Kesho yake Mwalimu akaja mazoezini, akakuta imefutwa, akaandika tena, kubwa zaidi. Nikafuta tena. Sikumwambia kwa nini, wala yeye hakuniuliza, tulifutiana hivyo wiki nzima kama watu wawili wanaogombania kivuli.

Halafu nikaona Mzee Tluway anakaribia kona kwenye hesabu yake, na kwamba kesho au keshokutwa ataniuliza tarumbeta la sita liko wapi. Sikungoja aniulize. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikamwambia habari ya pete kumi. Nilimwambia na habari ya Mang'ola. Ya kufungua mlango sikumwambia.

Wazee sita walikaa ofisini baada ya ibada, na mimi nikaitwa kwa sababu ya ufunguo. Mwalimu aliingia akiwa amechelewa. Aliulizwa tarumbeta liko wapi. Akaomba yaletwe ya zamani matano yaliyobaki. Akaketi, akachomoa ulimi wa la kwanza, na kwenye kila mguu wa ule ulimi kulikuwa na pete ya shaba imekaa kama bangili kwenye mkono. Akachomoa la pili. Hivyo hivyo. Pete mbili kwa kila moja, matarumbeta matano. Mama Elibariki alikuwa amezirudisha kotini bila kusema neno, na Mwalimu akawa ameshazivalisha. Ulimi ukivutwa nje mpaka mahali pake, pete zinauzuia usirudi. Hata kijana awe na mama watatu pale mbele, hawezi kusukuma.

Akasema, "Lile tarumbeta halijatoka kanisani. Limo ndani ya haya mengine."

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza tarumbeta linawezaje kuwa ndani ya tarumbeta. Mwalimu akawaita Petro na mwenzake nje wakapiga, la zamani na jipya, sauti moja. Mimi nilisikia. Ilikuwa kama watu wawili wamekubaliana bila kushikana mikono. Nilitazama nyuso za wazee nikaona hakuna aliyesikia chochote, wamesikia matarumbeta tu. Mzee Tluway alizivua pete zile kumi akazikusanya kiganjani, akazipima kwa kuzirusharusha. Akasema hizi haziwi tarumbeta zima. Iliyobaki iko wapi? Fundi ni nani?

Mwalimu hakumtaja. Kumtaja mhunzi mwaka ule kulikuwa ni kumpelekea mgambo. Sasa naelewa hivyo. Siku ile nilielewa kwamba anaficha.

"Nani alikufungulia stoo?" Mzee Tluway akauliza.

Hapo Mwalimu akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakunitazama koo. Kisha akawageukia.

"Nilifungua mwenyewe."

"Mama Safari?"

Nikasema, "Ufunguo ulikuwa kiunoni kwangu."

Ilikuwa kweli. Neno kwa neno ni kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Wakamwondoa kwenye bendi siku hiyo hiyo, na kabla ya mavuno alikuwa amehama na mke wake na watoto. Mimi nilibaki na ufunguo.

Mnadhani nilimshukuru moyoni? Nilimshuku zaidi. Mtu akikubebea mzigo hujamwomba, unatazama mikono yake. Nilijiuliza anataka nini kwangu. Nilingoja atume mtu aje kudai kitu. Mwaka ukapita, na mwingine, hakuna aliyekuja. Bendi nayo, pete zikiwa zimerudishwa mahali pake, ilipendeza. Petro ndiye aliyekuwa mwalimu mpya, na siku moja alizitoa pete ili aone. Mbwa wakalia. Akazirudisha, akasema tusimwambie mtu. Kila Krismasi watu wa Karatu mjini walipanda kuja kutusikiliza, wakasema bendi ya Mbulumbulu imetulia, imekuwa kama kinanda kimoja. Mimi kwenye sauti ya pili nilikuwa naimba nikitazama chini.

Miaka ya themanini inakaribia kuisha, umoja wa wanawake tukapanda lori kwenda kutembelea waumini wa Nainokanoka, huko juu kwenye hifadhi. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe unawasikia kengele kabla hujawaona. Tukafika kwenye kanisa la mbao, ndani wamekaa Wamaasai na mashuka yao, akina mama upande huu, wanaume upande ule. Mbele yao amesimama Mwalimu. Amezeeka ghafla, kama mtu aliyelipishwa miaka kwa mkupuo. Hakuna tarumbeta, hakuna kinanda. Wanaimba kwa Kimaa, wanaume wananguruma chini na mmoja anapanda juu yao, na yeye hawaelekezi kitu. Amefumba macho tu.

Baada ya chai nilimfuata nje, nyuma ya kanisa, alipokuwa akikata kuni. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani kote.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Mama Safari." Hakushangaa. "Umekuja na lori la nani?"

Nikamwambia. Halafu nikamwuliza kwa nini alinibebea. Nilimwambia nimelala na swali hilo miaka, na kwamba kama kuna kitu anataka kwangu, aseme, nitampa.

Aliweka shoka chini. "Nani alikubebea?"

"Ulisema ulifungua mwenyewe."

"Mimi nilisema uongo mmoja. Na wewe ulisema wako, mzuri kuliko wangu. Na wazee sita wakasema wa kwao, kimya." Akaokota kuni moja akaitazama. "Kufuli lilikuwa zima, Mama. Mzee Tluway alilishika kwa mkono wake wakati wa kuorodhesha. Stoo haina dirisha. Ulidhani walidhani nilipita wapi, kwenye tundu la ufunguo?"

Nikashika fundo la ufunguo kwenye kanga.

"Walijua tangu asubuhi ile. Walihitaji mtu mmoja aondoke, na wewe hawakutaka uondoke."

"Kwa nini mimi?"

"Nani angefagia?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Na sauti ya pili ingeshuka. Wewe ulikuwa hushuki."

Nilimtazama nione kama ananisifu au ananisimanga. Sikupata. Nikamwuliza lile la mwisho, shaba iliyobaki ilikwenda wapi. Akasema fundi Gidamis wa Mang'ola aliichukua iwe malipo ya jasho lake, akawavisha binti zake bangili, na kwamba kama ningemwuliza wakati ule angeniambia wakati ule. Huenda ni kweli. Akaendelea kukata kuni. Lori likapiga honi.

Njiani nilikaa nyuma, wenzangu wanaimba, na mimi nikawa nazihesabu salamu. Kila Jumapili kwa miaka ile yote Mzee Tluway alinisalimia mlangoni namna moja: "Mama Safari, ufunguo upo?" Nami kila Jumapili nilijibu upo, Mzee, nikivimba, nikidhani ananiamini.

Asubuhi yake sikwenda shambani. Nilikwenda kwake. Alikuwa anakoroga uji wa ndama. Nikafungua fundo la kanga, nikamwekea ufunguo mkononi. Alifunga vidole juu yake, akaendelea kukoroga, wala hakuniuliza kwa nini.